Shajara Zilizochomwa: Vibonzo na Manusura wa Maangamizi ya Wayahudi

Gurs, 1942

Mwaka 1942, katika kambi ya Gurs iliyo chini ya milima ya Pirenei kusini-magharibi mwa Ufaransa, mfungwa mmoja alichora kijitabu cha vibonzo. Aliitwa Horst Rosenthal, Myahudi wa Kijerumani mzaliwa wa Breslau, aliyekimbilia Ufaransa kuwakwepa Wanazi. Mhusika wake mkuu alikuwa Mickey Mouse. Panya huyo anakamatwa kwa kukosa vitambulisho, anaulizwa baba yake ni nani, anamtaja Walt Disney. Anatupwa kambini, anakutana na njaa, matope na makarani wasioisha, na juu ya jalada mchoraji anatania kwamba kazi hii imetoka bila idhini ya Disney. Mwishoni Mickey anakumbuka kwamba yeye ni mchoro tu. Anajifuta kwa ufutio na kwenda zake Marekani.

Rosenthal alipakiwa kwenye treni Septemba mwaka huohuo, akauawa Auschwitz akiwa na miaka 27. Kijitabu kilibaki Ufaransa na sasa kimehifadhiwa Mémorial de la Shoah, Paris. Wasomaji wa kawaida walikipata kikiwa kimechapishwa zaidi ya miaka 70 baada ya kuchorwa.

Miaka hiyohiyo, kwenye pwani ya kusini ya nchi hiyo, Charlotte Salomon, binti wa daktari wa Berlin, alikuwa akichora mamia ya picha za rangi zinazosomwa kwa mfuatano, maneno na picha vikienda pamoja. Mwaka 1940 bibi yake alijiua, na ndipo babu yake akamfichulia siri ya ukoo: mama yake, ambaye tangu utotoni Charlotte aliambiwa amekufa kwa mafua, naye alijiua. Binti huyo alijiona ana njia mbili tu, kuwafuata au kuyachora maisha ya familia nzima. Akachora. Zaidi ya picha 700 alizipanga katika kazi moja aliyoiita Leben? oder Theater?, akamkabidhi daktari aliyemwamini. Oktoba 1943 aliuawa Auschwitz akiwa na miaka 26, mjamzito. Wapo wanaokataa kazi yake isiitwe kibonzo, na ubishi huo hauna faida kubwa. Kinachohusu hapa ni kwamba wawili hawa waliweka kwenye mchoro mambo ambayo hakuna karani wa Wanazi angeyaweka kwenye faili.

Maangamizi yale yaliua watu, na yaliteketeza pia karatasi zao: vyeti, barua, picha za harusi, shajara. Husemwa mara nyingi kwamba vibonzo vilifaa kusimulia habari hizi kwa sababu picha hurahisisha jambo gumu. Sikubaliani. Vilifaa kwa sababu mchoro unaweza kusimama mahali ambapo ushahidi umechomwa, na wakati huohuo ukamwonyesha msomaji kwamba hapo pana pengo.

Miaka ya kimya, 1945 hadi 1971

Vita vilipokwisha, Wayahudi wapatao milioni sita walikuwa wameuawa. Poland peke yake ilikuwa na Wayahudi takriban milioni 3.3 kabla ya vita. Kiasi cha milioni tatu waliangamizwa. Manusura walitawanyika: Palestina, Marekani, Kanada, Ubelgiji, Ufaransa. Walioa upesi, wakazaa upesi, wakawapa watoto majina ya marehemu. Kuhusu yaliyowapata, wengine walifunga mdomo kabisa. Wengine waliyasema kila siku, mkate ulioachwa mezani ukigeuka hotuba. Watoto waliokulia katika nyumba za namna zote mbili walijua kwamba kuna jambo, bila kulijua jambo lenyewe.

Ulimwengu wa vibonzo nao ulinyamaza, na kimya chake kinashangaza. Vibonzo vya Marekani vilijengwa kwa sehemu kubwa na vijana wa Kiyahudi: Superman wa mwaka 1938 alibuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster, na mapema 1941 Captain America alionekana jaladani akimtwanga Hitler ngumi ya taya. Lakini baada ya vita kambi za mauaji hazikuonekana karibu kabisa katika kurasa hizo. Kazi inayokumbukwa ni moja, Master Race ya mwaka 1955, ya kurasa nane tu, iliyochorwa na Bernard Krigstein kwa hadithi ya Al Feldstein. Mtu mmoja anapanda treni ya chini ya ardhi New York, anamwona abiria anayemfahamu kutoka Ulaya, na hofu inampanda. Msomaji anadhani huyu ni mhanga anayemkimbia mtesi wake. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kambi. Krigstein aliukata ukurasa katika visanduku vyembamba vyembamba hadi sekunde moja ya kifo ikanyooshwa kama inatazamwa kwa darubini. Wakati huo wazazi na wanasiasa wa Marekani walikuwa wakivishutumu vibonzo kwamba vinaharibu watoto, wachapishaji wakajifunga wenyewe kwa kanuni kali za mwaka 1954, na gazeti lililotoa hadithi hiyo halikudumu.

Kimya kilianza kupasuka mwaka 1961, Adolf Eichmann aliposhtakiwa Jerusalem na manusura wakapanda kizimbani mmoja baada ya mwingine kutoa ushahidi uliosikika redioni. Mwaka 1966 daktari wa akili Vivian Rakoff aliandika kuhusu familia za manusura aliokutana nazo Montreal: wazazi walionekana wamesimama imara, huku watoto, waliozaliwa baada ya vita, wakiwa ndio wanaougua. Kiwewe kilikuwa kimevuka kizazi. Wataalamu bado wanabishana kama majeraha ya namna hiyo hupita hata katika mwili. Wachora vibonzo walichukua njia fupi zaidi, wakaonyesha jinsi yanavyopita jikoni, mezani na ndani ya gari.

Kijana wa Rego Park

Art Spiegelman alizaliwa Stockholm mwaka 1948. Wazazi wake, Vladek na Anja, walikuwa Wayahudi wa Poland waliotoka Auschwitz. Mwaka 1951 walihamia Marekani, na mtoto akakulia Rego Park, mtaa wa Queens mjini New York. Chumbani mwa wazazi ilitundikwa picha ya mvulana mwingine, Richieu, kaka ambaye Art hakuwahi kumwona. Mwaka 1943, katika geto la Zawiercie, shangazi aliyekuwa akimlea Richieu alijiua kwa sumu, akawapa na watoto, ili wasipelekwe kwenye vyumba vya gesi. Art alikua akishindana na picha. Mtoto wa ukutani hakuvunja kitu, hakupata alama mbaya shuleni, hakumjibu baba yake vibaya.

Mwaka 1968 Art, akiwa na miaka 20, alipatwa na maradhi ya akili na kulazwa. Miezi michache baada ya kutoka, Anja alijiua bila kuacha hata mstari mmoja. Miaka minne baadaye kijana huyo alichora kifo hicho katika kurasa nne zilizojaa weusi na hasira, Prisoner on the Hell Planet, akijichora mwenyewe katika sare ya mistari ya wafungwa wa kambi. Yeye hakufungwa kambini hata siku moja. Sare ile ndiyo mirathi.

Mwaka huo wa 1972 kilitokea kitu kingine. San Francisco ilikuwa makao ya wachoraji vijana waliotoa vibonzo vyao nje ya kampuni kubwa na nje ya kanuni za 1954. Mmoja wao, Justin Green, alichapisha kibonzo kirefu juu ya wasiwasi wake wa kidini alipokuwa mtoto, na Spiegelman amesema mara nyingi kwamba bila kazi hiyo Maus, kitabu chake cha vibonzo kuhusu wazazi wake, kisingekuwepo. Green alimwalika achangie katika gazeti la vibonzo vya wanyama. Kwanza Spiegelman aliwaza kuchora paka na panya kuzungumzia ubaguzi dhidi ya Wamarekani weusi. Kisha akaona kwamba habari anayoijua kwa ndani ipo nyumbani kwao. Akatoa kurasa tatu: panya baba anamsimulia panya mtoto hadithi ya kulalia, na hadithi yenyewe ni geto.

Kinasa sauti, 1978 hadi 1991

Spiegelman alikuwa amemrekodi baba yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1978 akarudi na kinasa sauti kwa nia ya kuandika kitabu kizima. Mwaka 1980 yeye na mkewe, Françoise Mouly, walianzisha jarida la RAW, na kuanzia toleo la pili sura za Maus zilitoka humo kama kijitabu kilichobandikwa ndani.

Muundo wake ni maarufu: Wayahudi ni panya, Wajerumani paka, Wapoland nguruwe, Wamarekani mbwa. Asiyekijua kitabu hudhani ni mzaha au urahisishaji. Propaganda ya Wanazi iliwaita Wayahudi panya na wadudu, na gesi ya Zyklon B iliyowaua ilitengenezwa iwe dawa ya kuua wadudu. Spiegelman alilichukua tusi hilo na kuliishi hadi likapasuka lenyewe. Panya wake wanavaa vinyago vya nguruwe wanapojifanya Wapoland, na nyuzi za vinyago zinaonekana kisogoni. Panya anapomwoa Mfaransa, mchoraji anakwama: mke amchore mnyama gani? Anamwachia msomaji aone kwamba mgawanyo wa watu kwa damu haufanyi kazi hata kwa anayeuchora.

Tafsiri hiyo ya wanyama imeandikiwa mengi, pengine kupita kiasi. Utajiri wa kitabu upo katika uhusiano wa baba na mwana. Vladek ni mzee mwenye moyo mgonjwa, anayehesabu vidonge, anayeokota waya barabarani, anayerudisha dukani boksi la chakula alichokwisha kukionja. Ujanja huohuo ndio uliomwokoa: kule Auschwitz alimfundisha Kiingereza kapo, yaani mfungwa aliyewasimamia wenzake, akajifanya fundi bati, akashona viatu, akahonga ili Anja ahamishwe karibu naye. Lakini Spiegelman hamtakasi. Siku Françoise anapompa lifti kijana mweusi, Vladek anaingiwa na hofu na kumtukana kwa Kipolandi, na Françoise anamuuliza inakuwaje yeye, aliyefanyiwa yale, ana fikra za namna hiyo. Kusulubiwa hakukumfanya mtakatifu. Kurasa hizo chache ni ushujaa mkubwa wa mwana kuliko zote zinazohusu kambi.

Kuna mahali Vladek anaeleza jinsi wafungwa walivyopita langoni kwenda kazini. Mwana anauliza kuhusu bendi iliyokuwa ikipiga muziki hapo, kwani nyaraka zinaitaja. Baba hakumbuki bendi yoyote. Spiegelman anaichora bendi, kisha baada ya jibu la baba anachora kisanduku hichohicho safu za wafungwa zikiwa zimeifunika, vichwa na ncha za ala vikichungulia tu. Nyaraka na kumbukumbu zimekaa mahali pamoja, hakuna iliyoifuta nyingine. Kwingine wanakwenda dukani kwa gari katika milima ya Catskill, Vladek akisimulia wasichana wanne walionyongwa kwa kuusaidia uasi wa kambini, na miguu yao inaonekana ikining'inia kwenye miti ya Marekani. Mwandishi wa nathari angehitaji kurasa kuufikisha wakati uliopita ndani ya wakati uliopo. Hapa ni kisanduku kimoja.

Tukio linaloshika kitabu kizima linahusu shajara. Baada ya vita Anja aliandika upya mambo yaliyompata, akitumaini mwanawe atasoma siku moja. Art anazitafuta, anauliza kila mara, Vladek anamzungusha. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza baba anakiri: baada ya kifo cha mkewe alizichoma. Art anamwita muuaji. Tangu hapo tunajua kwamba upande wa Anja hautasikika kamwe, na kwamba habari zote tunazopewa juu yake zimepita katika mdomo wa mtu aliyechoma maneno yake.

Sehemu hiyo ya kwanza ilitoka 1986 kabla kazi nzima haijaisha, kwa sababu ambayo inachekesha kidogo. Spiegelman alisikia Steven Spielberg anatayarisha filamu ya katuni kuhusu panya wa Kiyahudi wanaohamia Marekani, akahofia ataonekana yeye ndiye mwigaji. Vladek hakukiona kitabu. Alikuwa amefariki mwaka 1982. Umaarufu ulipokuja ulimkalia mwana vibaya. Katika sehemu ya pili, iliyotoka 1991, amejichora akiwa mtu aliyevaa kinyago cha panya, ameketi kwenye meza ya kuchorea juu ya lundo la maiti, waandishi wa habari wakimhoji. Anakwenda kwa daktari wake wa akili, naye manusura wa Auschwitz, akiwa amekwisha kusinyaa hadi kubaki na umbo la mtoto.

Tuzo, moto na kura

Orodha ya vitabu vinavyouzwa sana ya New York Times iliiweka Maus kwanza upande wa hadithi za kubuni. Spiegelman akaandika barua ya kulalamika, ikahamishwa. Mwaka 1992 kitabu kilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer, ya kwanza kwa riwaya ya vibonzo. Mwaka huo pia mhakiki Marianne Hirsch alikitumia kueleza aina ya kumbukumbu isiyo ya mtu mwenyewe, inayomtawala kana kwamba yaliyotokea yalimpata yeye. Vyuo vikuu vikaanza kufundisha vibonzo. Kwa msomaji aliyezoea kucheka na Juha Kalulu wa Taifa Leo au Ndumilakuwili wa Sani, huenda bado hilo linashangaza.

Njia haikuwa nyeupe kila mahali. Poland ilichelewa hadi 2001, nguruwe wale wakiwa kikwazo. Mwandishi wa habari Piotr Bikont alipokichapisha, waandamanaji walikichoma moto nje ya ofisi za Gazeta Wyborcza, naye akawatokea dirishani na kinyago cha nguruwe. Nchini Urusi maduka yalikiondoa mwaka 2015 kwa sababu ya swastika iliyo jaladani. Januari 2022 bodi ya shule za kaunti ya McMinn, Tennessee, ilipiga kura 10 kwa 0 kukiondoa katika masomo, ikitaja matusi machache na mchoro mdogo wa mwili mtupu. Mwili huo ni wa Anja, amekufa katika beseni la kuogea. Wiki hizo kitabu kikapanda kileleni mwa mauzo.

Mlango wafunguka, 2003 hadi 2013

Baada ya Maus wengi walinyamaza tena, safari hii kwa kuogopa kulinganishwa. Kisha wakatokea kwa pamoja. Joe Kubert, mkongwe wa vibonzo vya vita ambaye familia yake ilitoka Poland akiwa mtoto mchanga, alitoa Yossel mwaka 2003, akijiuliza maisha yake yangekuwaje kama wasingehama. Mwaka 2006 Bernice Eisenstein wa Toronto alichapisha kumbukumbu zake za kulelewa na manusura, na Miriam Katin akachapisha We Are On Our Own.

Katin ndiye ninayemweka jirani na Spiegelman. Alizaliwa Hungaria mwaka 1942. Ujerumani ilipoivamia nchi hiyo Machi 1944, Wayahudi zaidi ya 400,000 walisafirishwa kwa treni ndani ya wiki chache tu, wengi wao kwenda Auschwitz. Mama yake alichoma vyeti na picha za familia, akajifanya msichana wa kazi mwenye mtoto wa nje ya ndoa, wakatokomea mashambani. Mtoto hakuelewa. Alimlilia mbwa wake, akamwona afisa wa Kijerumani kuwa mtu mwema kwa sababu ya chokoleti, wakati mama alikuwa analipa kwa mwili wake. Katin alichora miaka ya vita kwa penseli ya kijivu, na maisha ya baadaye kwa rangi. Alikuwa na zaidi ya miaka 60 na hiki kilikuwa kitabu chake cha kwanza kirefu. Mwaka 2013 alitoa Letting It Go: mwanawe anahamia Berlin, na mama, aliyejiona amekwisha kupona, anagundua kwamba hawezi kuusikia mji huo bila mwili kukataa.

Mwaka 2012 Michel Kichka, mchora katuni wa Jerusalem mzaliwa wa Liège, alieleza upande mwingine wa mzigo huo. Baba yake, Henri, ndiye pekee wa familia yao aliyerudi kutoka kambini, na kila tabasamu la watoto lilikuwa ushindi dhidi ya Hitler. Mzigo huo ni mzito kwa mtoto wa shule. Henri alianza kusema wazi baada ya mdogo wake Michel, Charly, kujiua. Kisha hakunyamaza tena, akawa shahidi wa mashuleni na kiongozi wa safari za Auschwitz. Kichka anauliza kwa ucheshi mchungu kwa nini baba alikuwa na maneno kwa kila mtu isipokuwa wao.

Wajukuu, na watoto wa upande wa pili

Mwaka 2016 Amy Kurzweil alichora bibi yake, mama yake na yeye mwenyewe katika Flying Couch. Bibi alitoroka geto la Warsaw akiwa msichana. Sauti ya mjukuu ni nyepesi kuliko ya wana, kwa sababu bibi humwambia mjukuu mambo ambayo hakuweza kumwambia binti yake.

Miaka miwili baadaye Nora Krug, Mjerumani aliyezaliwa 1977, alitoa Heimat. Yeye hakurithi maumivu ya mhanga, alirithi maswali. Anachimba nyaraka kujua babu yake, mwalimu wa udereva, alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi kwa kiasi gani, na anapata daftari la shule la baba yake mkubwa aliyekufa vitani, ambamo mtoto huyo alifundishwa kuwafananisha Wayahudi na uyoga wa sumu. Hapa karatasi hazikuchomwa. Zilifungiwa kwenye droo, na hakuna aliyetaka kuzisoma.

Njia hiyo ya kusimulia ilifika pia Maziwa Makuu. Mwaka 2000 Mbelgiji Jean-Philippe Stassen alichapisha Déogratias kuhusu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, kijana mshiriki wa mauaji akigeuka mbwa kurasa zinavyoendelea. Mnyarwanda Rupert Bazambanza, manusura, alichora habari za majirani zake waliouawa. Katika kitabu chake hakuna wanyama. Kila aliyekufa ana uso na jina lake.

Manusura wa Ulaya waliobaki leo walikuwa watoto wakati ule. Mwaka 2022 mradi wa Kanada ulitoa But I Live, ambamo wachoraji wasio ndugu zao walikaa nao na kuchora pamoja. Barbara Yelin, Mjerumani, alikaa na Emmie Arbel, aliyepitia Ravensbrück na Bergen-Belsen akiwa mtoto. Emmie anayo kumbukumbu ya vipande, na Yelin ameviacha vipande hivyo gizani bila kuviunganisha. Nafikiri huo ndio uamuzi wa haki.

Anayetaka kuzisoma kazi hizi aanze na Maus, sehemu zote mbili bila kuruka, kwa sababu ya kwanza inaishia pale shajara zinapotajwa kuwa majivu na ya pili ndiyo inayoonyesha mwana alivyoishi na habari hiyo. Baada yake amsome Katin, kisha Krug. Vijana wa sekondari wanaziweza zote tatu. Walio chini ya hapo wasubiri.